Wati za Kwenye Boksi



Juma lililopita nilipita Kariakoo, katika mtaa ule ambao kila duka limetoa spika zake nje na kila spika inapiga wimbo wake, hata mtu akikusalimia huna budi kumsoma midomo. Nilikuwa natafuta waya wa spika, mita sita tu. Kijana mmoja muuzaji, mchangamfu kwelikweli, akanishika mkono hadi mbele ya sabufa yenye taa za rangi, akapiga kofi juu ya boksi lake na kusema: "Mzee wangu, hii ni wati elfu kumi. Ukiifungulia, mtaa mzima utajua umehamia." Na kweli boksi liliandikwa hivyo kwa tarakimu kubwa za manjano: 10,000W. Kando yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa PMPO.

Nikamwomba aigeuze. Nyuma, kwenye kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, palikuwa na maandishi mengine kabisa: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 80.

Sasa tusidanganyane. Pasi ya umeme ya kawaida hula kiasi cha wati 1,000. Sabufa ya wati elfu kumi ingekuwa sawa na kuchomeka pasi kumi kwa pamoja sebuleni. Ingemaliza uniti 10 za LUKU kwa saa 1, na waya wake mwembamba ungeyeyuka kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu ambayo haikuingia. Hizo wati nyingine 9,920 zimetoka wapi?

Swali hilo lina historia yake, na historia hiyo haikuanzia Kariakoo. Nimeona leo tuizungumze kwa sababu kitu hiki, amplifaya, ndicho ambacho familia nyingi hukinunua kwa mshahara wa mwezi mzima na pengine zaidi, na wengi wetu hukichagua kwa kusoma tarakimu moja tu. Kwa bahati mbaya, tarakimu hiyo ndiyo isiyoaminika kuliko zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Amplifaya haikukuzwa kwa ajili ya muziki. Ilikuzwa kwa ajili ya simu. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu, chombo cha kioo kilichofanana na balbu. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza ndani ya chombo cha namna hiyo kipande cha tatu cha waya. Umeme mdogo sana ukipitishwa kwenye kipande hicho, uliweza kuutawala umeme mkubwa, kama mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba la maji la mtaa mzima. De Forest mwenyewe hakuelewa sawasawa jinsi chombo chake kilivyofanya kazi. Walioelewa ni wahandisi waliokichukua na kukiboresha, miongoni mwao wale wa kampuni ya simu ya AT&T, na mwezi wa Januari 1915 mtu wa New York akazungumza kwa simu na mtu wa San Francisco, upande wa pili wa bara, kwa kuwa njiani palikuwa na amplifaya zilizoinua sauti kila ilipochoka.

Hapo ndipo ugonjwa wa amplifaya ulipojulikana. Kila amplifaya, pamoja na kukuza sauti, iliongeza ukwaruzo wake yenyewe. Ikiwa moja, ukwaruzo ule ulivumilika. Zikiwa nyingi, zimepangwa moja baada ya nyingine katika safari ya maelfu ya kilomita, maneno ya msemaji yaligeuka uji. Mhandisi mmoja kijana wa Bell Laboratories, Harold Black, alihangaika na jambo hilo kwa miaka. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti, 1927, akiwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, jibu likamjia ghafla. Hakuwa na karatasi nyingine ila gazeti la The New York Times alilokuwa nalo, akachora mchoro wake na hesabu zake humo humo. Nawaambia waandishi wenzangu, ni mara chache gazeti limetumika vizuri kiasi hicho.

Wazo lenyewe lilikuwa hili: chukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka kwenye amplifaya, uirudishe kule ilikoingilia, lakini ikiwa imegeuzwa kinyume. Kile ambacho mashine imekiongeza kwa makosa yake kitakutana na kinyume chake, na sehemu kubwa ya makosa itajifuta. Gharama yake ni kwamba amplifaya inapoteza sehemu kubwa ya ukuzaji wake. Yaani unaacha ukubwa ili upate usahihi. Jambo hilo lilionekana kuwa la kipuuzi kiasi kwamba hati ya ugunduzi, aliyoiomba mwaka 1928, ilitolewa mwaka 1937. Leo sijui kama kuna amplifaya dukani isiyotumia wazo hilo kwa namna moja au nyingine.

Ilichukua vita kuu nzima wazo hilo kuingia sebuleni kwa ukamilifu wake. Mwaka 1945 Mwingereza Harold Leak alianza kuuza amplifaya aliyoipa jina la Point One, kwa maana kwamba upotoshaji wake wa sauti ulikuwa asilimia 0.1 tu. Wengi hawakuamini. Kisha mwaka 1947, katika matoleo ya Aprili na Mei ya jarida la Wireless World, mhandisi D. T. N. Williamson akachapisha mchoro wa amplifaya ya wati 15 yenye upotoshaji usiozidi huo, akaeleza kila kitu hadi namna ya kusuka transfoma. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imechakaa kwa vita na vyakula vilikuwa vya mgawo. Watu wakaijenga amplifaya hiyo jikoni mwao, kwa valvu aina ya KT66 na vyuma walivyookota huku na kule. Mchoro ukavuka bahari hadi Australia na Marekani, ukanakiliwa kama barua ya mnyororo.

Naomba tuishike tarakimu hiyo: wati 15. Wapenzi wa muziki wa kizazi kizima, watu waliokuwa wakiketi kusikiliza okestra yenye wapigaji themanini, waliziona wati 15 zinatosha na kubaki. Peter Walker, aliyekuwa na kiwanda kidogo katika mji wa Huntingdon, alitoa amplifaya yake mashuhuri ya Quad II mwaka 1953. Nayo ilikuwa ya wati 15. Aliitengeneza kwa miaka mingi bila kuona haja ya kuiongezea hata moja. Jina la Quad lenyewe ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yaliyotaja ubora na matumizi ya nyumbani. Neno la nguvu halimo.

Lakini Quad haikuwa chombo kimoja, ilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kizito, chenye transfoma na valvu za moto, ambacho mtu alikificha nyuma ya kabati. Kingine kilikuwa kidogo, kilikaa mbele kikiwa na vitufe vya kuzungusha. Hicho kidogo ndicho kinachoitwa priampu, na hapa sina budi kueleza kosa langu mwenyewe, maana liliniondolea fedha.

Marehemu baba mdogo alifanya kazi bandarini Tanga, na alipofariki niliachiwa mashine yake ya kupigia santuri pamoja na kreti la santuri zenyewe, taarabu na dansi, nyingine zikiwa bado kwenye majalada yake. Nilizipenda tangu utoto. Wakati huo ndiyo kwanza nimeajiriwa redioni. Nikanunua amplifaya, nikachomeka mashine ya santuri kwenye tundu lililoandikwa AUX, nikaweka sindano. Ikatoka sauti ya mbu. Hakuna besi, hakuna kifua cha mwimbaji, mbu mtupu. Nikarudi dukani, na muuzaji akanieleza kwa uhakika mkubwa kwamba amplifaya niliyonunua haina nguvu, wati zake chache, ninunue kubwa zaidi. Nikaongeza fedha, nikachukua kubwa. Nikapata mbu mkubwa.

Aliyeniokoa ni fundi redio mmoja wa Magomeni. Alicheka mpaka akaweka chini bisibisi yake. Akaniambia: "Kaka, hapa nguvu si tatizo. Hii sindano inazungumza kwa kunong'ona, na inazungumza kwa lugha yake. Umemleta msemaji mkutanoni ukamsahau mkalimani."

Alichosema ni hivi. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa umeme wa milivolti zipatazo 5. Mashine ya CD hutoa kiasi cha volti 2, yaani mara 400 zaidi. Tundu la AUX limetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyozungumza kwa sauti ya kawaida, vikiwamo kaseti, CD na siku hizi simu. Sindano haimo katika kundi hilo. Huo ndio mnong'ono. Ama lugha, ni kwamba besi haiwezi kuchongwa kwenye santuri kwa ukubwa wake halisi, maana mfereji ungekuwa mpana mno na santuri ingejaa baada ya dakika chache. Kwa hiyo wanaochonga santuri hupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba, wakitegemea kwamba kule nyumbani patakuwa na chombo cha kurudisha mambo mahali pake. Chombo hicho ni priampu ya santuri. Besi ya chini kabisa hurudishwa kwa karibu desibeli 20, na nyembamba hupunguzwa kwa kiasi hicho hicho.

Wakati santuri za kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika zilipotolewa na Columbia mwaka 1948, kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kupunguza na kuongeza. Santuri ya kampuni hii ikipigwa kwa kipimo cha kampuni ile, ilivimba au ilikonda. Huko New York, mchoraji wa vitu vya viwandani aitwaye Saul Marantz alichoshwa na hali hiyo, akajitengenezea nyumbani priampu yenye swichi za kuchagua vipimo mbalimbali. Rafiki zake wakaitaka, na ndivyo kampuni yenye jina lake ilivyoanza mapema katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 kampuni za Marekani zikakubaliana juu ya kipimo kimoja, kile cha chama chao cha RIAA, ambacho baada ya muda kilienea duniani, na ndicho kilichomo hata leo katika kila priampu ya santuri.

Kwa hiyo zamani mtu alichagua priampu kwanza, ndipo achague amplifaya, kwa sababu kazi ngumu ya kulinda mnong'ono ule usichanganyike na mvumo wa umeme ilifanywa na priampu. Halafu ikaja CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982. CD haihitaji mkalimani. Watengenezaji wengi wakaona waondoe tundu la santuri ili kupunguza gharama, na amplifaya nyingi zilizofuata zikawa hazina tena kile kipande. Mimi nilinunua mojawapo, nikanunua na ya pili. Priampu niliyouziwa na fundi ilikuwa kijiboksi cha ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, na bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ile amplifaya kubwa niliyoshauriwa kununua.

Turudi kwenye wati, maana hapo ndipo udanganyifu ulipokuja kushamiri.

Mambo mawili yalibadilisha biashara. La kwanza ni stereo. Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliomba hati ya ugunduzi huo mwezi wa Desemba 1931, lakini hakuishi kuona ukiingia majumbani. Alikufa mwezi wa Juni 1942 katika ajali ya ndege ya kijeshi wakati wa majaribio ya rada. Santuri za stereo zilienea madukani mwaka 1958. Tangu hapo kila nyumba ilihitaji amplifaya mbili ndani ya boksi moja, ya kushoto na ya kulia, na wauzaji wakagundua raha ya kujumlisha.

La pili ni transista, iliyovumbuliwa Bell Laboratories mwezi wa Desemba 1947. Haikuwa na moto wa valvu wala haikuhitaji ile transfoma nzito ya kulisha spika, na wati zake zilikuwa rahisi kuongezwa. Katika miaka ya 1960 amplifaya za transista zikafurika Marekani na Ulaya, nyingi zikiwa na karatasi nzuri za vipimo na sauti kali ya kuumiza masikio. Sababu ilikuja kueleweka. Katika amplifaya hizo transista mbili hupokezana kazi, moja inasukuma na nyingine inavuta, na zile za mwanzo zilikuwa zikipokezana vibaya, kama wakimbiaji wanaodondosha kijiti. Muziki ukiwa mkubwa, kosa hilo halionekani sana. Muziki ukiwa mdogo, kosa ni lile lile, kwa hiyo linakuwa sehemu kubwa ya kile unachokisikia. Na vipimo vilivyochapishwa mara nyingi vilikuwa vya nguvu kamili! Wati ya kwanza, ambayo ndiyo watu huisikiliza jioni wakati watoto wamelala, haikupimwa. Mafundi walikuja kulirekebisha kosa hilo, lakini hadi leo wapo wazee wanaoapa kwamba transista haijui kuimba.

Wakati mafundi wakirekebisha sauti, idara za matangazo zilikuwa zikirekebisha hesabu. Hebu tufanye hesabu ya mfukoni. Chukua amplifaya ya kweli ya wati 10 kila upande. Ukipima kilele cha wimbi badala ya wastani wake, 10 inakuwa 20. Jumlisha kushoto na kulia, unapata 40. Funga spika ya omu 4 badala ya omu 8, unakaribia 80. Pima kwa sekunde moja tu kabla transfoma haijachoka, na kwa sauti moja ya katikati isiyo na besi, uipe jina la "nguvu ya muziki", na sasa unaweza kuchapisha wati 100 bila kuona haya. Hakuna hatua hata moja ambayo ni uongo mtupu. Kila hatua ni ukweli uliovutwa kidogo.

Hali hiyo ilifika mahali serikali ya Marekani ikaingilia kati. Mwezi wa Mei 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitangaza kanuni ya amplifaya za nyumbani, ikaanza kutumika Novemba mwaka huo. Ilisema mtengenezaji anayetangaza wati lazima ataje wati za mfululizo kwa kila upande, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, ataje ni kwa spika ya omu ngapi, kuanzia besi gani hadi sauti nyembamba gani, na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Zaidi ya hayo, kabla ya kupimwa, amplifaya ilitakiwa ifanye kazi saa 1 nzima kwa theluthi ya nguvu yake, hali ambayo huipasha moto kuliko karibu hali nyingine yoyote. Watengenezaji walilalamika sana. Amplifaya ambazo kwenye matangazo zilikuwa simba zikarudi kuwa paka.

Lakini mwanadamu akifungiwa mlango hupita dirishani. Kwa kuwa sasa wati zilipaswa kuwa za kweli, kampuni za Japani zikaanza kushindana kwa wati za kweli. Mashindano hayo yalifika kileleni mwaka 1978, Pioneer ilipotoa SX-1980, amplifaya yenye redio ndani, wati 270 kila upande, uzito kiasi cha kilo 35. Kuinyanyua kulihitaji watu wawili. Mwaka huo huo kampuni ya NAD, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilitoa amplifaya nyeusi isiyo na umbo lolote la kujivunia, NAD 3020, iliyobuniwa na Mnorway Bjørn Erik Edvardsen. Iliandikwa wati 20 kila upande.

Ikanunuliwa duniani kote, na ikawa miongoni mwa amplifaya zilizouzwa kwa wingi kuliko zote. Edvardsen alikuwa ameuliza swali ambalo idara za matangazo hazikuliuliza: spika halisi, katika chumba halisi, inahitaji nini? Spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye omu 8. Kuna sauti ambazo hushuka hadi 4 au chini yake, na hapo hudai umeme mwingi kwa ghafla. Amplifaya nyingi za karatasi nzuri zilikwama hapo. 3020 iliweza kutoa kwa kufumba na kufumbua nguvu kubwa kuliko ile iliyoandikiwa, na ilipozidiwa, ilikuwa na swichi ya kuifanya izidiwe kwa upole bila kupasua spika. Nyuma yake palikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyounganisha priampu na amplifaya. Ukivitoa, unazitenganisha, unaweza kununua amplifaya kubwa baadaye na kuendelea kutumia priampu ile ile. Kijana wa chuo aliyeinunua alikuwa na mahali pa kuanzia na njia ya kuendelea.

Ni kweli pia kwamba 270 ni zaidi ya 20, nami sitaki kuonekana naidharau ile mashine ya kilo 35. Lakini sikio halihesabu kama mkono. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sikio husikia ongezeko la desibeli 3, yaani kidogo tu. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, nguvu iongezwe kiasi cha mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya wati 20 na wati 270, ukiwa umeketi kwenye kochi, ni kama maradufu na ziada kidogo.

Na spika ndiyo inayoamua zaidi. Sisi watu wa redio tunaijua spika ndogo iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo ya nje, ambamo hapana nafasi. Ni sahihi ajabu kwa sauti ya binadamu, lakini ni mvivu: ukiipa wati 1 na kusimama mita 1, unapata desibeli kama 82 au 83. Kinyume chake ni ile spika ya kona ya Paul Klipsch wa Arkansas, ya mwaka 1946, kubwa kama kabati la nguo, ambayo kwa wati hiyo hiyo 1 hupita desibeli 100. Tofauti ya desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kile ambacho moja inakifanya kwa wati 1, nyingine inaomba 100. Anayenunua amplifaya bila kujua spika yake ni ya kundi gani ananunua kiatu bila kupima mguu.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Kariakoo. Kanuni ya mwaka 1974 ilikuwa sheria ya Marekani. Haikuvuka bahari. Redio kaseti za plastiki zilizojaa katika maduka ya Asia na Afrika miaka ya 1980 na 1990 hazikuwa chini yake, na ndipo herufi zile PMPO zilipostawi. Zinadai kuwa kilele cha nguvu ya muziki. Hakuna kipimo kinachokubalika nyuma yake. Kila kiwanda huandika kinachokipendeza, na mwenzake huongeza sifuri. Nakumbuka redio ya jirani yetu ilipoandikwa wati 100 tuliiona ya kutisha. Leo 100 ingewekwa kwenye redio ya mtoto. Marekani wenyewe iliwabidi kuifanyia kanuni yao marekebisho mwaka 2024, kwa kuwa baada ya nusu karne watu walikuwa wamekwisha kupata mianya mipya.

Kibandiko cha nyuma nacho si msahafu. Hupimwa kwa namna yake, na amplifaya ya kweli inaweza kwa muda mfupi kuzidi kilichoandikwa hapo, kwa kutumia umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita zake. Lakini itazidi kidogo, haitazidi mara mia na ishirini na tano. Na kama ndani ya karatasi ya maelekezo hakuna mahali panapotaja wati za mfululizo, omu, na asilimia ya upotoshaji kwa pamoja, ujue hakuna aliyepima, au aliyepima hakupenda alichokiona.

Nilimwambia kijana yule haya, kwa kifupi kuliko nilivyowaambia ninyi. Alisikiliza kwa adabu, akaigeuza tena ile sabufa, akasoma zile wati 80 kwa kidole. Kisha akanitazama. "Mzee wangu, nakuelewa. Lakini mimi nikiandika themanini, na wa duka la pili kaandika elfu kumi, mteja ataingia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikalipia mita zangu sita za waya.

Waya ule umefungwa sasa. Ile amplifaya kubwa niliiuza zamani. Niliyo nayo nyumbani ni ya mtumba, wati 25 kila upande, na kile kijiboksi cha fundi wa Magomeni kinakaa juu yake. Jumapili mama mdogo alikuja kutoka Tanga kututembelea, nikamwekea santuri mojawapo za marehemu. Kitufe cha sauti kilikuwa hakijafika hata nusu. Alisikiliza upande mzima bila kusema neno, mikono mapajani. Nilipoigeuza santuri akaniambia, "Punguza kidogo, mwanangu, tusikilizane."